Korodani moja ikijisokota, ile nyingine inapatwa na nini?

Kijana anaingia chumba cha upasuaji akiugulia upande mmoja, anatoka ameshonwa pande zote mbili. Wazazi wengi hushtuka. Korodani ya kushoto ndiyo iliyojisokota, ndiyo iliyovimba, ndiyo iliyomtapisha usiku kucha. Ya kulia ilikuwa imetulia mahali pake, sasa imeguswa ya nini? Wapo wanaodhani daktari amejitafutia kazi ili bili inenepe. Wapo pia wanaorudi nyumbani na hofu nzito zaidi, kwamba ugonjwa umehamia upande wa pili na mtoto wao hatazaa.

Mkanganyiko huu unatokana na kuchanganya mambo matatu. Kuna kama korodani iliyobaki nayo inaweza kujisokota, kuna kama inadhurika kwa sababu ya yaliyoipata mwenzake, na kuna kama mwenye nayo atapata watoto. La kwanza halina ubishi, na la tatu lina majibu ya kutia moyo. La katikati ndilo lililowagawa watafiti kwa zaidi ya miaka 40, na ndilo linalovushwa mitandaoni likiwa limeongezwa chumvi.

Tuanze na umbile. Korodani huning'inia kwenye kamba yenye ateri, veni, neva na mrija wa mbegu. Kwa wanaume wengi utando unaoifunika huacha sehemu ya nyuma ishikamane na ukuta wa mfuko, na mshikamano huo huizuia isizunguke. Kwa wengine utando huizingira yote hadi juu kwenye kamba, ikabaki inabembea ndani ya mfuko kama ulimi wa kengele, na madaktari wameliita umbile hilo kwa jina hilohilo. Uchunguzi wa maiti uliochapishwa mwaka 1994 ulilikuta kwa takriban asilimia 12 ya wanaume. Wanaopatwa na tatizo lenyewe ni wachache mno kuliko hao: kadirio linalotumiwa sana ni mmoja kwa kila wanaume 4,000 walio chini ya miaka 25, kwa mwaka. Maana yake wengi wenye umbile hili huishi na kuzeeka bila kujua kwamba wanalo.

Kamba ikijizungusha, veni ndizo hubanwa mwanzo kwa kuwa kuta zake ni laini. Damu inaendelea kuingia lakini haitoki, korodani inajaa na kuvimba, halafu ateri nayo inafungwa. Kuanzia hapo ni suala la saa. Ikifunguliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, zaidi ya asilimia 90 huokolewa. Kwenye saa 12 ni kama nusu tu. Zikipita saa 24, zinazopona hazifiki asilimia 10. Na hata neno "kuokolewa" lina walakini wake, kwa sababu korodani iliyorudishiwa damu na kuonekana hai mezani inaweza kusinyaa miezi kadhaa baadaye.

Sasa, umbile hilo la kubembea mara nyingi liko pande zote mbili. Aliyezaliwa nalo kushoto, yaelekea kulia nako analo. Hii ndiyo sababu ya mishono miwili, na haina fumbo lolote: daktari hatibu ugonjwa uliohamia, anaifunga ile korodani isiyougua kwenye ukuta wa mfuko, kwa kawaida kwa uzi usioyeyuka na katika sehemu zaidi ya moja, ili isije ikafanya yaleyale. Kijana aliyekwisha kupoteza moja hana akiba. Kazi hiyo hata haiongezi muda mwingi mezani. Korodani iliyojisokota ikishafunguliwa huviringishwa kwa shashi yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu na kuachwa dakika kadhaa ionekane kama rangi itarudi. Dakika hizohizo za kusubiri ndizo madaktari wengi huzitumia kuifunga ya pili.

Tuje kwenye lenye ubishi.

Wazo kwamba kiungo kilichoumia kinaweza kumdhuru pacha wake halikuanzia kwenye korodani. Waganga wa macho walilijua zamani. Louis Braille, Mfaransa aliyewabunia vipofu maandishi ya nukta, alijichoma jicho moja akiwa na miaka 3, mwaka 1812, akichezea zana za ngozi za baba yake. Alipofika miaka 5 alikuwa haoni kwa macho yote mawili. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba jeraha lilifichua vitu vya ndani ya jicho ambavyo kinga ya mwili haikuwa imewahi kuviona, nayo ikaviona vigeni, ikashambulia na jicho la pili.

Korodani ina mazingira yanayofanana na hayo. Mbegu za kiume huanza kutengenezwa wakati wa balehe, miaka mingi baada ya kinga ya mwili kujifunza kipi ni cha kwake na kipi ni mgeni. Zikiachwa wazi, kinga ingezipiga vita. Kinachoziepusha ni ukuta unaoundwa na seli za Sertoli zilizobanana kwa nguvu ndani ya vijirija vinavyotengeneza mbegu, hivi kwamba damu na askari wake hawapenyi. Hoja ikawa nyepesi kuielewa: korodani ikikosa damu na kufa, ukuta huo hubomoka, mabaki ya mbegu humwagika, mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kushambulia kinachoonwa kigeni, na kingamwili hizo huifuata korodani isiyougua.

Mwaka 1981 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha kazi ya Harrison na wenzake kuhusu panya ambao korodani yao moja ilinyimwa damu, nao walieleza madhara upande wa pili. Mwaka uliofuata Nagler na White wa Marekani wakaja na matokeo ya mwelekeo huohuo. Kwa baadhi ya majaribio ya aina hii, panya waliodhoofishwa kinga ya mwili walipata madhara madogo kuliko wenzao. Ilionekana kesi imekwisha. Baadhi ya madaktari wakaanza kupendekeza kwamba korodani iliyochelewa iondolewe haraka, isije ikaponza ile iliyobaki.

Lakini mwaka 1985 Terry Turner, pia wa Marekani, alisokota korodani za panya na hakuona athari yoyote kwenye upande wa pili. Ni mnyama yuleyule, ila jibu likawa kinyume. Mambo mengi yanaweza kuleta tofauti hiyo: kamba ilizungushwa mara ngapi, iliachwa kwa saa ngapi, panya walikuwa wa umri gani, dawa ya usingizi ilikuwa ipi, na kama korodani iliyoumia iliachwa ndani au ilitolewa. Anayesoma kichwa cha habari kinachosema "utafiti umeonyesha" hapewi hata kimoja cha hivyo.

Nadharia ya kinga ina mtihani mmoja ambao kwangu ni mzuri kuliko yote. Ikiwa kosa ni la kingamwili dhidi ya mbegu, basi mtoto ambaye hajabalehe hapaswi kudhurika, maana hana mbegu za kumwagika. Mwaka 1985 Puri na wenzake, wa Dublin nchini Ireland, walichapisha ufuatiliaji wa watu waliopatwa na tatizo hili kabla ya balehe, na wengi wao walipokuwa watu wazima mbegu zao zilikuwa za kawaida. Hapo nadharia inapita. Lakini kwa waliokwisha kubalehe, ambako kingamwili zingetarajiwa kujaa, Arap na wenzake wa São Paulo, Brazil, walizitafuta na mwaka 2007 wakaripoti kwamba hawakukuta tofauti na wanaume wasiowahi kuugua. Kwa binadamu, basi, hadithi hii ya kinga imebaki na ushahidi mwembamba kuliko ilivyokuwa kwa panya.

Kuna maelezo mengine ambayo hayahitaji kinga kabisa. Watafiti wa Uturuki walishughulika sana na mtiririko wa damu: waliona kwa wanyama kwamba upande mmoja ukisokotwa, neva za huruma, zile zinazobana mishipa mwili unapokuwa hatarini, hupunguza damu inayokwenda upande wa pili pia. Halafu kuna balaa la damu kurudi. Korodani iliyokaa bila oksijeni, ikifunguliwa, hupokea oksijeni kwa ghafla, na kemikali kali zinazozaliwa hapo huharibu kuta za seli. Kwa panya alama za uharibifu huo zimepimwa hata kwenye korodani ambayo haikuguswa.

Eneo hili la kemikali limezaa utitiri wa majaribio ya dawa za kuzizima: vitamini E, melatonini, na hata timokwinoni, kiini cha habasoda. Nataja habasoda makusudi. Haitachukua muda muuzaji mmoja wa mafuta ataandika kwamba yanazuia utasa baada ya korodani kujisokota. Kilichofanyika ni kumpa panya kiini kilichosafishwa, kwa kipimo kilichopangwa, karibu na saa ya kumfungua. Hakuna dawa ya namna hiyo iliyoingia kwenye matibabu ya kawaida ya binadamu, na chupa ya mafuta haifungui kamba iliyojinyonga.

Linalonivutia mimi zaidi ni hoja ya nne, nayo inageuza swali lenyewe. Huenda korodani ya pili haikuharibiwa na ya kwanza. Huenda zote mbili hazikuwa sawa tangu mwanzo.

Ushahidi wake unatoka kwenye vipande vidogo vya nyama vilivyokatwa kwenye korodani isiyojisokota wakati wa upasuaji uleule wa dharura. Watafiti kadhaa wa Ulaya, Hadziselimovic wa Uswisi akiwa mmoja wao, walivichunguza kwa darubini na kukuta kasoro: vijirija ambavyo havikukomaa, seli za mbegu zilizo pungufu. Fikiria muda. Maumivu yameanza saa 5 au 10 zilizopita. Kasoro ya ukuaji haiumbwi ndani ya saa 10. Ni lazima ilikuwepo. Umbile lililoiacha korodani ikibembea laweza kuwa sehemu ya hitilafu pana zaidi ya ukuaji wa kiungo hicho, kama inavyojulikana kwamba korodani ambayo haikushuka vizuri huwa na hatari kubwa zaidi ya kujisokota na pia huwa dhaifu katika kutengeneza mbegu.

Hata hapa pana kona. Hadziselimovic huyohuyo, katika Lancet ya mwaka 1997, alieleza kwamba kwenye korodani za upande wa pili seli zilizokuwa zikijiua zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Kujiua kwa seli, tofauti na kasoro ya ukuaji, kunaweza kuanza ndani ya saa chache. Kwa hiyo vipande vilevile vya nyama vinaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja: kasoro ya zamani na mshtuko wa leo. Nikilazimishwa kuchagua, ningeipa kasoro ya zamani uzito mkubwa, na mshtuko nafasi ndogo inayotegemea urefu wa saa ambazo kijana alikaa na maumivu.

Kwa nini basi wasiwapime tu wanaume hawa mbegu na kumaliza ubishi? Wamewapima, na tangu tafiti za Krarup mwaka 1978 na Bartsch mwaka 1980 imeonekana mara kwa mara kwamba wengi wana mbegu chache au zenye mwendo hafifu kuliko wanaume wengine. Ugumu uko kwenye kuisoma namba hiyo. Shahawa hutoka zikiwa zimechanganyika. Hakuna kipimo cha kawaida kinachosema mbegu hii ni ya kulia na ile ni ya kushoto. Mwanamume ambaye korodani yake moja imeondolewa au imesinyaa atakuwa na mbegu pungufu hata kama iliyobaki ni nzima kabisa. Hakuna pia aliyempima kabla hajaugua, maana nani ampime mvulana wa miaka 14? Hata kipimo cha kulinganishia kimekuwa kikihama. Shirika la Afya Duniani lilitumia kiwango cha mbegu milioni 20 kwa mililita hadi lilipokishusha kufikia milioni 15 mwaka 2010, kisha milioni 16 mwaka 2021. Mwenye milioni 17 alikuwa na upungufu kwenye tafiti za zamani, na leo anahesabiwa yuko ndani ya kawaida.

Halafu tusisahau kwamba korodani iliyobaki haikai tu kusubiri madhara. Tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huhisi kwamba kazi imepungua, ikaongeza homoni za kuichochea. Kwa watoto waliozaliwa na korodani moja, hali ambayo mara nyingi inadhaniwa kuletwa na kujisokota tumboni mwa mama, iliyopo huwa kubwa kuliko kawaida, kiasi kwamba daktari akiikuta kubwa hupata dokezo kwamba mwenzake hayupo. Upande wa testosteroni, homoni ya kiume, hauna wasiwasi mkubwa: seli za Leydig zinazoitengeneza huvumilia kukosa damu kuliko zinavyovumilia seli za mbegu, na korodani moja nzima inatosha kuleta sauti nzito, ndevu, misuli na nguvu za kiume. Wanaoogopa kwamba kijana "atalegea" wanaogopa jambo ambalo kwa kawaida halitokei.

Na watoto? Mwaka 2016 watafiti wa Israel walichapisha matokeo ya kuwauliza wanaume waliowahi kutibiwa tatizo hili kuhusu lililo muhimu kuliko namba za maabara, yaani kama wake zao walishika mimba. Karibu 9 kati ya 10 ya waliojaribu walifanikiwa, wawe waliondolewa korodani moja au ilishonwa ikabaki. Kiwango hicho kinakaribiana na cha watu wengine. Kundi lilikuwa dogo, na hilo ni la kuzingatia, lakini linafafanua kwa nini kliniki za uzazi hazijafurika wanaume wa aina hii licha ya mbegu zao kuwa pungufu kidogo kwenye karatasi. Mbegu chache si utasa.

Hofu ile ya miaka ya 1980, kwamba korodani yenye mashaka itolewe upesi kabla haijamponza mwenzake, leo haiongozi uamuzi mezani. Iliyokufa kabisa huondolewa, kwa kuwa kuiacha hakuna faida na huweza kuleta maumivu na maambukizi. Yenye dalili ya uhai, inayochuruzika damu mbichi ikitobolewa kidogo, huachwa na kushonwa. Panapokuwa katikati, madaktari hutofautiana, na mzazi ana haki ya kuuliza sababu.

Kitu ambacho hakuna mtafiti anayekibishia ni saa. Iwe kosa ni la kinga, la neva, la kemikali au la damu, kila moja ya nadharia hizo inasema madhara huongezeka kadiri kamba inavyokaa imejisokota. Na huku kwetu saa hupotea mahali panapojulikana. Tatizo hili hupenda kuanza usiku, kijana akiwa usingizini, na wengi ni wa umri wa sekondari, yaani wako bweni. Anaona haya kumwambia patroni kinachouma, anasema tumbo. Mara nyingine tumbo kweli linauma, chini upande uleule, na kutapika juu yake, hivyo anapewa dawa ya minyoo au ya vidonda vya tumbo bila kuvuliwa nguo. Nyumbani ataambiwa ni ngiri au chango. Pwani, ambako matende na mabusha yamezoeleka, uvimbe wa huko chini haushangazi mtu. Lakini busha hukua taratibu, kwa miezi na miaka, na kwa kawaida haliumi. Maumivu makali ya ghafla kwa kijana, korodani ikiwa ngumu na imepanda juu kuliko mwenzake, si busha.

Zahanati nayo huweza kumla saa 3 kwa kudhani ni maambukizi na kumpa antibiotiki arudi kesho. Ultrasaundi ya kuangalia mtiririko wa damu inasaidia pale ilipo na mtaalamu wake yupo. Kama haipo, dalili zikiwa wazi, mgonjwa apelekwe moja kwa moja panapofanyika upasuaji, kwa sababu kufungua na kukuta kamba imenyooka ni hasara ndogo kuliko kungoja kipimo hadi asubuhi. Asile wala asinywe njiani, kwani huenda akahitaji nusukaputi.

Baada ya kupona, anayetaka kujua hali ya mbegu zake asikimbilie maabara mwezi uleule. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kisha siku kadhaa za kusafiri na kukomaa, kwa hiyo kipimo cha maana kinafanyika baada ya miezi 3 au zaidi, na kikitoka vibaya hurudiwa kabla mtu hajaambiwa lolote la kudumu. Kwa mvulana ambaye bado anakua, kinachofuatiliwa ni ukubwa wa korodani iliyobaki na jinsi balehe inavyoendelea. Aliyebaki na moja avae kikinga akicheza mpira au ngumi. Na siku upande ule uliokwisha kushonwa ukishikwa na maumivu makali ya ghafla, asijiambie kwamba haiwezekani kwa kuwa alishafungwa: kujisokota baada ya kushonwa ni nadra lakini kumeripotiwa, hasa palipotumika uzi unaoyeyuka, na muda wa kufika hospitali unabaki kuwa uleule wa saa 6.